Mkono Upi Unashinda? Mwongozo Kamili wa Madaraja ya Mikono ya Poka

Wengi hujifunza poka kwa kukariri madaraja kumi kutoka juu hadi chini. Orodha hiyo inakaririka kwa jioni moja. Lakini haikusaidii sana pale karata saba ziko mbele yako, dau limepanda, na wachezaji wawili wote wanafunua jozi ya wafalme. Nashauri njia nyingine. Elewa kwanza kwa nini mkono mmoja umewekwa juu ya mwingine, kisha tumia muda wako mwingi kwenye mikono inayokaribiana, maana huko ndiko watu hupoteza mafungu (fungu ni fedha zote zilizowekwa mezani) waliyodhani ni yao.

Hatua ya 1: Zijue karata zenyewe

Pakiti ya poka ina karata 52 za aina nne: shupaza, kopa, uru na pau. Kila aina ina karata 13. Cheo hupanda kuanzia 2 hadi 10, kisha ghulamu, malkia, mfalme na ree. Kwenye kona za karata utaona J, Q, K na A, na hizo ndizo herufi nitakazotumia kwenye mifano. Jokeri huwekwa pembeni.

Kama umezoea michezo ya turufu, kuna jambo la kuliacha mlangoni: katika poka aina zote nne ni sawa. A ya shupaza haili A ya uru. Flashi (karata tano za aina moja) ya kopa na flashi ya pau zikilingana kwa vyeo, zimefungana, na fungu linagawanywa. Michezo michache hutumia mpangilio wa aina kuamua nani aanze kuweka dau, lakini kamwe si kuamua nani ameshinda fungu.

Jambo la pili, nalo ni zito kuliko linavyoonekana: mkono wa poka ni karata tano. Ukiwa na saba za kuchagua, unachagua tano. Ya sita na ya saba hazipo, hata ziwe nzuri namna gani.

Hatua ya 2: Shika kanuni moja, uchache

Karata 52 zinaweza kutoa mikono 2,598,960 tofauti ya karata tano. Daraja la kila mkono limewekwa kwa swali moja tu: mikono ya namna hii iko mingapi? Ile michache iko juu, ile mingi iko chini. Ukilishika hilo, siku ukisahau unaweza kupiga hesabu mwenyewe.

Chukua ubishi unaojirudia kuliko wote mezani: streti na flashi, ipi kubwa? Streti ni karata tano zinazofuatana kwa cheo bila kujali aina, mfano 5-6-7-8-9. Safu yake inaweza kuanzia A (A-2-3-4-5) na ya mwisho ni ile inayoanzia 10 (10-J-Q-K-A), kwa hiyo kuna safu kumi. Ndani ya kila safu, kila karata inaweza kuwa ya aina yoyote kati ya nne, yaani 4×4×4×4×4, ambayo ni 1,024. Mara kumi ni 10,240. Ondoa 40 ambazo karata zake zote ni za aina moja, kwa sababu hizo zina daraja lake la juu. Zinabaki 10,200.

Sasa flashi, karata tano za aina moja zisizofuatana. Kutoka kwenye karata 13 za kopa unaweza kuchagua tano kwa njia 1,287. Zidisha kwa aina nne upate 5,148, kisha ondoa zile 40. Zinabaki 5,108. Flashi ni kama nusu ya streti kwa wingi, basi flashi iko juu.

Hatua ya 3: Panda ngazi kutoka chini

Napendelea kuanza chini kwa sababu huko ndiko utakakokuwa muda mwingi. Mkono usio na chochote, usio na jozi, safu wala aina moja, huitwa karata kubwa, na thamani yake ni karata yake ya juu kabisa. Iko mikono 1,302,540 ya hivyo, zaidi kidogo ya nusu ya yote. Juu yake ni jozi moja, yaani karata mbili za cheo kimoja, mfano 8-8 na nyingine tatu zisizohusiana. Hiyo ni mikono 1,098,240. Jumlisha madaraja hayo mawili uone: ukipewa karata tano, zaidi ya mara 92 kati ya 100 hutazidi jozi moja. Mgeni anayesubiri makubwa kila mgao atasubiri sana.

Jozi mbili zinafuata, mfano Q-Q-4-4-2, mikono 123,552, kama mara moja katika migao 21. Kisha tatu sawa, karata tatu za cheo kimoja, mikono 54,912. Juu ya tatu sawa ndipo zinakuja streti na flashi tulizokwisha kuzihesabu, kwa mpangilio huohuo.

Fulu hausi ni tatu sawa na jozi ndani ya mkono mmoja, mfano 7-7-7-2-2. Hesabu yake ni rahisi kuifuata: cheo cha zile tatu kinachaguliwa kwa njia 13, karata tatu kati ya nne za cheo hicho kwa njia 4, cheo cha jozi kwa njia 12 zilizobaki, na karata mbili kati ya nne kwa njia 6. Inakuja 3,744, pungufu ya flashi, kwa hiyo inaishinda flashi. Nne sawa, karata zote nne za cheo kimoja pamoja na nyingine yoyote, iko 624 tu.

Juu kabisa ni streti flashi, karata tano zinazofuatana na zote za aina moja. Ziko 40 kwa jumla. Nne kati ya hizo ni 10-J-Q-K-A za aina moja, ambazo wachezaji wamezipa jina lake, flashi ya kifalme, na kwa kawaida huorodheshwa kama daraja la kumi. Kimsingi ni streti flashi iliyo kubwa kuliko zote na haina kanuni yake ya pekee. Uwezekano wa kupewa moja katika karata tano za kwanza ni mara 1 kati ya 649,740.

Ngazi hii haikuzaliwa ikiwa kamili. Poka ya mwanzoni mwa karne ya 19 huko Marekani ilichezwa kwa karata 20 tu, kuanzia 10 hadi A, na wachezaji wanne walipewa tano kila mmoja hadi pakiti ikaisha. Hapakuwa na streti wala flashi. Aliyeshika wafalme wanne na ree moja alijua kwa hakika kwamba hashindwi, kwa kuwa hakuna mwingine aliyeweza kuwa na ree nne. Pakiti ya 52 ilipoingia, flashi iliongezwa, na streti ikakubalika baadaye. Uhakika ule wa zamani ukaondoka, na mimi naona mchezo ulinoga kwa sababu hiyo.

Hatua ya 4: Mikono ya daraja moja inapokutana

Kaa hapa muda mrefu. Kukutana kwa flashi na tatu sawa hakumsumbui mtu. Kinachosumbua ni jozi kwa jozi.

Kanuni ya jumla ni kwamba unalinganisha kwanza kile kinachofanya daraja, kisha karata zilizobaki kutoka kubwa kwenda ndogo. Karata hizo za kando wachezaji huziita kika. Tuseme mmoja ana K-K-9-6-3 na mwingine K-K-9-5-4. Jozi ni sawa, kika ya kwanza 9 ni sawa, kika ya pili ni 6 dhidi ya 5, basi wa kwanza ameshinda. Ile 4 iliyo kubwa kuliko 3 haitazamwi tena. Ukishapata tofauti, umemaliza, na wengi hukosea kwa kuendelea kuhesabu au kwa kujumlisha karata zote kana kwamba ni alama.

Kwa jozi mbili, tazama jozi kubwa peke yake kwanza. Q-Q-4-4-2 inaishinda J-J-10-10-A. Watu hulipinga hili kwa sababu mkono wa pili unaonekana umejaa zaidi, lakini Q ni kubwa kuliko J na kesi imefungwa. Jozi kubwa zikilingana ndipo uende kwenye ndogo, na hizo nazo zikilingana, kika moja iliyobaki ndiyo inaamua.

Fulu hausi hupimwa kwa zile tatu. 7-7-7-2-2 inaishinda 6-6-6-A-A, na ree mbili hazisaidii kitu. Katika michezo yenye karata za pamoja, zinazofunuliwa katikati kwa wote, inawezekana wachezaji wawili wakawa na tatu zilezile, na hapo jozi ndiyo inaongea.

Streti hutambuliwa kwa karata yake ya juu. Ree ina tabia mbili: inaweza kukaa juu ya mfalme au chini ya 2, lakini haiwezi kukaa katikati. Q-K-A-2-3 si streti, ni karata kubwa tu. Na katika A-2-3-4-5, ree imeshuka kuwa ya chini, kwa hiyo karata ya juu ni 5. Hiyo ndiyo streti ndogo kuliko zote, na inashindwa na 2-3-4-5-6.

Flashi kwa flashi, linganisha karata ya juu, kisha ya pili, hadi ya tano. A-9-7-4-2 za pau zinaishinda K-Q-J-10-8 za kopa. Ree moja imetosha.

Kila kitu kikilingana hadi karata ya tano, fungu linagawanywa sawa. Hakuna karata ya sita ya kuvunja sare.

Hatua ya 5: Tano kati ya saba

Mchezo unaochezwa zaidi leo ni Texas Hold'em. Una karata mbili zako za siri, na tano zinafunuliwa katikati kwa wote. Unatumia zozote tano kati ya hizo saba: mbili zako na tatu za meza, moja yako na nne za meza, au hata tano za meza tupu.

Tazama mkono huu polepole. Mezani kuna K ya kopa, K ya pau, 8 ya uru, 8 ya shupaza na Q ya kopa. Mchezaji wa kwanza ana 6-6. Wa pili ana A-3. Wa kwanza anaona jozi tatu na moyo unatulia. Lakini jozi tatu hazipo katika poka, kwa sababu mkono ni karata tano. Mkono wake ni K-K-8-8-Q, na zile 6 mbili zimebaki nje kabisa. Wa pili ana K-K-8-8-A. Ree ya mtu ambaye hakuwa na hata jozi mkononi imechukua fungu.

Sasa mwingine. Mezani kuna A ya shupaza, Q ya uru, J ya pau, 7 ya kopa na 5 ya shupaza. Wa kwanza ana A-4, wa pili ana A-3. Wa kwanza atadai kwamba 4 inashinda 3. Andika mikono yote miwili: A-A-Q-J-7 na A-A-Q-J-7. Ni sare, kwa sababu wala 4 wala 3 haikupata nafasi kati ya tano. Angekuwepo wa tatu mwenye A-8, mkono wake ungekuwa A-A-Q-J-8 na angewaacha wote wawili.

Kuna swali zuri ambalo wenye akili ya hesabu huuliza hapa. Karata zikiwa saba, jozi moja hutokea takriban mara 44 kati ya 100, wakati kubaki na karata kubwa tu hutokea kama mara 17. Kwa kanuni ya uchache, si ingefaa karata kubwa iwe juu ya jozi? Fikiria kitakachotokea. Mwenye jozi katika karata saba ana vyeo sita tofauti, kwa hiyo anaweza kuivunja jozi yake na kuchagua tano zisizo na jozi. Kila mtu angefanya hivyo, na karata kubwa ingekuwa nyingi tena papo hapo. Ndiyo maana mpangilio wa karata tano umebaki vilevile.

Hatua ya 6: Isome meza kabla ya kusoma mkono wako

Hii ni tabia ninayoithamini kuliko kukariri. Katika Texas Hold'em, zile karata tano za katikati zinakuambia madaraja yapi hayawezekani kwa mtu yeyote.

Kama mezani hakuna karata tatu za aina moja, hakuna mwenye flashi. Kama mezani hakuna jozi, hakuna mwenye fulu hausi wala nne sawa. Kama hakuna karata tatu zinazoweza kuingia ndani ya safu moja ya vyeo vitano, hakuna mwenye streti. Meza ya K-9-7-2-2 yenye aina zilizochanganyika haina flashi, lakini ina fulu hausi na nne sawa, maana 2 zimejirudia. Je, streti? K na 9 zimepishana kwa hatua nne, kwa hiyo zinaingia safu moja ya 9 hadi K, lakini hakuna ya tatu ndani yake. 9 na 7 nazo zinakosa mwenzao. Hakuna streti. Ukiwa na tatu za 9 kwenye meza hiyo, una fulu hausi ya 9-9-9-2-2, na wanaokushinda ni wawili tu: mwenye K-K na mwenye 2-2.

Zoea kuuliza maswali hayo matatu kila karata inapofunuliwa. Mwanzoni yatakuchelewesha, baadaye jicho litayafanya lenyewe.

Wakati wa kufunua, laza karata zako zote wazi mezani. Kanuni inayofuatwa sana ni kwamba karata hujisemea: ukisema una jozi mbili kumbe una streti, kinachohesabiwa ni kilichoonekana, si kilichotamkwa. Usizirudishe karata zako kwa mgawaji mpaka fungu limekabidhiwa.

Hatua ya 7: Pale kanuni zinapobadilika

Katika Omaha, namna nyingine ya poka, una karata nne za siri, na ni lazima utumie mbili kamili kati ya hizo pamoja na tatu za meza. Mezani kukiwa na kopa nne na wewe una A ya kopa peke yake, huna flashi. Ni kosa linalowagharimu sana wanaotoka Hold'em.

Poka ya pakiti fupi huondoa karata za 2 hadi 5 na kubakiza 36. Aina moja sasa ina karata tisa tu. Piga hesabu ileile: flashi zinakuwa 480, fulu hausi 1,728. Kwa hiyo humo flashi inaishinda fulu hausi. Ree nayo inachukua nafasi ya 5 katika streti ya chini, A-6-7-8-9.

Iko pia michezo ambayo mkono wa chini ndio unashinda. Katika mmoja bora ni A-2-3-4-5. Katika mwingine ree ni kubwa tu, streti na flashi zinakuharibia, na bora ni 2-3-4-5-7 za aina mchanganyiko. Jokeri akiruhusiwa kuwa karata yoyote, tano sawa inawezekana na mara nyingi huwekwa juu ya streti flashi, ila kubalianeni kabla ya kugawa.

Hatua ya 8: Fanya mazoezi kwa karata wazi

Changa karata, laza tano katikati, kisha gawa mikono miwili au mitatu ya karata mbili, zote zikiwa wazi. Taja kwa sauti karata tano za kila mkono kabla ya kusema nani ameshinda. Jaribu hii mitatu kwanza, na usisome jibu mpaka umeamua.

Meza: 9-9-4-4-J, aina mchanganyiko. Mmoja ana A-K, mwingine 10-10. Wa kwanza ana 9-9-4-4-A. Wa pili anaziacha 4 na kuwa na 10-10-9-9-J. Anashinda wa pili, kwa jozi yake kubwa.

Meza: 2, 7, 9 na K za kopa, pamoja na 3 ya pau. Mmoja ana Q na 4 za kopa, mwingine A ya kopa na A ya shupaza. Wa kwanza ana flashi ya K-Q-9-7-4. Wa pili asidanganywe na jozi yake ya ree: mkono wake ni flashi ya A-K-9-7-2, na ndio unaoshinda.

Meza: J-J-J-6-2, aina mchanganyiko. Mmoja ana A-K, wa pili ana 6-3, wa tatu ana 2-2. Wa kwanza amebaki na tatu sawa. Wa tatu ana J tatu na 2 tatu kati ya karata zake saba, lakini tano zilizo bora ni J-J-J-2-2. Wa pili, aliyeshika ile 6 moja, ana J-J-J-6-6, na fungu ni lake.